Njaa ya Saa Nne

Siku za mwisho za mwezi wa Shaabani, watu wa mwambao hula kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Hizo ndizo siku za kuvunja jungu. Vijana huchangishana wakaenda ufukweni na masufuria yao, majirani hualikana, mbuzi huchinjwa, pilau hupakuliwa hadi usiku wa manane, kwani mwezi ukiandama tu, mchana wa kesho hauna chakula. Nimekulia katika desturi hiyo na naipenda kwa jinsi inavyokutanisha watu. Hata hivyo kila mwaka hunijia swali lile lile: ikiwa tunakula namna hii kabla ya kufunga, na tunakula zaidi ya hivi jua likizama, ulaji wetu wa kupindukia utatibiwa lini?

Siulizi habari ya ibada. Ibada ina malipo yake kwa Mwenyewe, na si kazi yangu kuyapima. Nauliza habari ya mkono unaorudi kwenye sinia wakati mwenye mkono ameshashiba.

Tutazame siku ya kawaida ya mfanyakazi wa mjini, awe Dar es Salaam, Mombasa au Unguja. Kabla ya kutoka nyumbani amekunywa chai ya maziwa na maandazi. Saa nne anakwenda kwenye supu na chapati, maana saa nne ndiyo saa ya supu. Saa saba ni wali wa nazi na samaki, au ugali na nyama. Saa kumi anapata kahawa na kashata, au soda baridi kwa sababu ya joto, na chupa moja ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 30. Jioni njiani kuna chipsi mayai, na kwa aliye Forodhani kuna urojo. Akifika nyumbani anakuta chakula kimefunikwa mezani, na chakula kilichopikwa kwa ajili yako hakikataliwi. Kila kimoja katika hivyo ni kitu chema kikiwa peke yake. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali, na mtu huyu anaweza kumaliza mwezi mzima hajaona njaa hata siku moja. Anakula kwa sababu saa imefika, kwa sababu wenzake wameinuka, kwa sababu amechoka, kwa sababu amekaa peke yake na simu. Njaa imewekwa mwilini ili imwambie mtu ale lini, na yeye haisikii tena, kwa kuwa kila inapotaka kusema anaijaza kinywa.

Kwa mtu aliyefika hapo, naamini saumu fupi ya siku moja, yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, inaweza kumfaa sana. Sababu zangu zinatofautiana na zile zinazozungushwa kwenye simu zetu siku hizi, kwamba ukifunga mwili hujisafisha sumu. Habari hiyo imetokana na kazi halali ya kisayansi iliyovutwa kupita urefu wake. Mwaka 2016 Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kufumbua jinsi seli inavyozimeng'enya na kuzitumia upya sehemu zake zilizochakaa, hasa inapokosa chakula. Seli alizozichunguza kwanza zilikuwa za hamira, jamii ile ile ya hamira tunayoumulia kaimati. Ni ugunduzi mkubwa kabisa. Lakini kutoka kwenye hamira ya maabara hadi kwa mtu aliyefunga Alhamisi akitaraji kuamka Ijumaa ameoshwa ni safari ndefu, na bado haijamalizwa. Taka za mwili hutolewa na ini na figo kila siku, umefunga au hujafunga.

Kinachotokea mwilini katika saumu fupi ni cha kawaida zaidi, na kwangu ndicho kizuri zaidi. Anayekula daku karibu na adhana ya alfajiri na kufuturu magharibi hukaa saa 13 na ushei bila kula wala kunywa. Kwetu karibu na ikweta muda huo haubadiliki sana mwaka mzima, tofauti na ndugu zetu walioko London, ambao saumu ya Juni huwachukua zaidi ya saa 18. Saa chache za mwanzo mwili hutumia kile cha daku. Kikiisha, huingia kwenye akiba ya sukari iliyo kwenye ini, ambayo kwa mtu mzima ni kiasi cha gramu 100. Ubongo peke yake hutumia kiasi cha gramu 120 kwa siku, kwa hiyo akiba hiyo haifiki mbali, na inapopungua mwili huanza kuchota mafuta yake. Yote hayo hutendeka kimya, mtu akiwa kazini, akiendesha gari, akifundisha darasa. Asiyezoea huogopa kwamba asipokula asubuhi ataanguka. Mtu mzima mwenye afya hana sababu ya hofu hiyo.

Sasa nije kwenye hiyo saa nne, kwani hapo ndipo penye elimu yote. Jumatatu ya kufunga, saa moja na saa mbili hupita bila mtu kukumbuka chakula. Saa nne, harufu ya supu ikipanda ngazi, njaa huja kwa nguvu zake zote: mate hujaa kinywani, tumbo hunguruma, akili huanza kutafuta udhuru wa kufungua. Mtu ambaye kila siku hula saa hiyo hajui kinachofuata, kwa sababu kila mara ameizima kabla haijamaliza maneno yake. Aliyefunga hana la kufanya ila kungoja, na akingoja anaona jambo ambalo hakulitazamia. Njaa hujaa na kupwa kama maji ya bahari. Saa tano na nusu haipo. Hajatia kitu mdomoni, na njaa imekwenda zake. Hurudi saa saba, vitunguu vikikaangwa nyumba ya pili, ikakaa kitambo, ikaondoka tena. Alasiri kuna utulivu wa mwili ambao kila aliyezoea kufunga anaujua. Kichwa chepesi, sauti za mtaani ziko mbali kidogo, na mawazo ya chakula yamepungua kuliko yalivyokuwa asubuhi mtu alipokuwa na daku tumboni.

Wanasayansi wana maelezo ya hali hiyo. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, nao pia wa Japani, waliitambua homoni inayotolewa zaidi na tumbo, ghrelini, inayopeleka kwenye ubongo habari ya njaa. Baadaye ilionekana kwamba homoni hiyo hupanda karibu na saa za mlo ambazo mtu amezizoea, kisha hushuka, hata kama mtu huyo hakula kitu. Maana yake njaa ya saa nne imeletwa na supu ya saa nne. Miaka mingi ya kula saa hiyo imeufundisha mwili kuidai saa hiyo. Aliyehamishwa ofisi akaenda mahali ambapo watu hunywa chai saa tano, baada ya majuma machache njaa yake nayo huhamia saa tano.

Aliyelishuhudia hilo mwilini mwake, tena kwa kukaa nalo mchana mzima, amepata kitu ambacho hakuna daktari wa lishe anayeweza kumpa kwa maneno. Ulaji wa kupindukia hukaa juu ya imani moja: kwamba njaa ikija lazima itiiwe, na ikicheleweshwa itazidi na kuzidi hadi imshinde mtu. Saumu ya siku moja huivunja imani hiyo. Jumanne ikifika, na saa nne, na harufu ile ile ngazini, mtu ana nafasi ya kujiuliza: hii ni njaa ya mwili, au ni ya saa? Akijibu kwamba ni ya mwili, ale, na supu ni chakula kizuri. Huko nyuma hakuwa hata na nafasi ya kuuliza.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa lishe wa nchi za mbali hawawezi kulijua, kwa kuwa ni la kwetu. Mwambao mzima, kukataa chakula ni jambo zito. Anayekula akipitiwa na mtu husema karibu, na anayesema karibu anataka kuona mkono ukinawa. Ukisema umeshiba, utaambiwa onja tu. Ukisema unapunguza mwili, utaulizwa kama unaumwa, na shangazi atatoa sauti ya huruma, kwani unene kwetu bado ni dalili ya kutunzwa, na bibi harusi aliyekonda baada ya miezi mitatu humtia mumewe katika midomo ya watu. Ukila kidogo, mwenyeji ataona hukukipenda chakula chake. Katika hali hiyo, mtu anayetaka kupunguza kula anapigana na watu wanaompenda, na ni vigumu mno kushinda vita vya namna hiyo mara tatu kwa siku. Lakini sema, “Ahsante, nimefunga.” Mazungumzo yamekwisha. Hakuna aliyechukia, hakuna aliyekuonea huruma, na pengine utaombwa dua. Kufunga kumempa mtu wa Pwani adabu ya kukataa ambayo hana popote pengine, na siku mbili katika wiki ambazo hakuna anayemsukuma kula ni pumziko kubwa kwa tumbo na kwa moyo pia.

Siku hizo mbili ni za zamani. Jumatatu na Alhamisi ni saumu za Sunna, na ziko nyingine: tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, na sita za Shawali, ambazo kwetu zina sherehe zake. Ninachokistahi katika mafundisho hayo ni jinsi yanavyoizuia saumu isirefuke. Kuunganisha siku kwa siku bila kufuturu, wisali, Mtume aliwakataza masahaba zake. Futari iharakishwe, daku icheleweshwe. Aliyependa kufunga sana aliambiwa asipite saumu ya Daudi, siku moja kufunga, siku moja kula. Wakatoliki nao wana ufupi wao: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa walio kati ya miaka 18 na 59, ni mlo mmoja kamili, na miwili midogo ambayo ikijumlishwa haifikii mlo kamili. Walioweka sheria hizi walimjua binadamu. Walijua kwamba njaa fupi humfundisha, na njaa ndefu humharibu.

Wapo wanaouliza kama inajuzu kufunga kwa ajili ya kiuno. Kwa Mwislamu nia ndiyo inayoifanya saumu kuwa saumu. Akifunga kwa ajili ya Mola wake na mwili ukapata nafuu, nafuu hiyo ni nyongeza aipokee kwa shukrani. Asiyefunga kwa dini naye ana haki ya kuupumzisha mwili wake mchana mmoja, na maji anaweza kunywa.

Mpaka hapa nimesifu. Lakini mchana ni nusu ya saumu, na kwa tatizo la kula kupita kiasi ndiyo nusu nyepesi. Kazi yote iko magharibi.

Angalia meza ya futari ya nyumba yenye uwezo. Uji wa pilipili manga, tende, tambi za sukari, viazi vitamu, muhogo wa nazi, magimbi, mbaazi, ndizi mbichi zilizopikwa na nyama, sambusa, katlesi, bajia, kaimati zilizolowa shira, mkate wa kumimina, jagi la maji ya ukwaju na jingine la maji ya matunda. Hiyo ni futari tu. Chakula cha usiku kinakuja baada ya Tarawehe, na daku baada yake. Anayekula vyote hivyo amehamisha saa za kula, na hesabu ya siku huenda imeongezeka. Ndiyo maana haishangazi kwamba watafiti waliopima uzito wa waliofunga Ramadhani wamekuta upungufu mdogo, ambao mwingi hurudi ndani ya majuma machache.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliona hilo mapema. Katika sehemu ya Ihya Ulumiddin inayohusu siri za saumu, anauliza faida iko wapi ikiwa mtu atakusanya jioni yote aliyoyakosa mchana na kuyala kwa mara moja, tena kwa aina nyingi kuliko ilivyo desturi yake. Naona hakuna aliyelisema vizuri zaidi yake tangu siku hizo. Hata utafiti wa leo unaelekea huko huko. Mwaka 2020 zilitolewa habari za jaribio lililoongozwa na watafiti wa San Francisco: watu 116 kwa wiki 12, nusu yao wakiruhusiwa kula kuanzia adhuhuri hadi saa mbili usiku, nusu wakila kama kawaida milo mitatu. Kupungua kwa uzito kwa makundi hayo hakukutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Mwaka 2022 likaja jaribio la Guangzhou, China, la watu 139 wenye unene uliozidi, mwaka mzima. Wote walipunguziwa chakula, na kundi moja likawekewa pia mipaka ya saa. Waliowekewa mipaka walipungua kilo 8 kwa wastani, wengine kilo 6.3, na tofauti hiyo nayo haikutosha kuthibitisha kwamba saa zenyewe ndizo zilizofanya kazi. Anayetarajia saa za kufunga zimpunguzie mwili huku sahani ikibaki ile ile atasubiri sana.

Na dawa ya magharibi tunayo, tumeirithi, tunaiacha. Mila ya kufungua ni tende chache na maji. Halafu mtu anasimama kuswali. Swala ya magharibi na kwenda na kurudi msikitini huchukua dakika 15, pengine 20, na huo ndio muda ambao tumbo huhitaji ili kuujulisha ubongo kwamba kitu kimeingia. Sukari ya tende imeshafika kwenye damu, maji yamezima kiu. Anayerudi mezani wakati huo hurudi mtu mwingine. Anaona chakula, anachagua, anaketi. Siku hizi katika nyumba nyingi futari yote huliwa adhana ikiendelea, na swala husubiri mpaka tumbo limejaa, mtu akirukuu kwa taabu. Yule aliyeketi na meza nzima baada ya saa 13 za njaa, bila kituo chochote katikati, simlaumu kwa kula kupita kiasi. Ameachwa peke yake na jambo gumu, na desturi iliyokuwepo kumsaidia imeondolewa.

Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inataja theluthi tatu za tumbo: moja ya chakula, moja ya kinywaji, moja ya pumzi. Kila mtoto wa madrasa anaijua. Njia pekee ninayoijua ya kuitekeleza mezani ni kupakua sahani moja na kuondoka nayo pale chakula kilipo. Anayekula huku amezungukwa na mabakuli kumi hawezi kujua theluthi yake imejaa lini.

Yapo mambo yanayonifanya niwe mwangalifu ninapowasifia watu njaa, na kubwa kati ya hayo ni jaribio la Minnesota. Mwaka 1944 na 1945, katika chuo kikuu cha jimbo hilo la Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwachukua vijana 36, wote wakiwa wamekataa kubeba silaha vitani kwa sababu ya imani zao na wamejitolea kwa hiari yao, wakawalisha karibu nusu ya chakula walichozoea kwa muda wa miezi sita. Watafiti walitaka kujua jinsi ya kuwanusuru watu wa Ulaya ambao vita vitawaacha na njaa. Vijana wale walipoteza kama robo ya uzito wao. Wakawa hawana mazungumzo ila chakula. Walisoma vitabu vya mapishi kama mtu asomavyo barua ya nyumbani, wakalamba sahani, wakanywa maji na kahawa kwa wingi. Kisha wakaachiwa kula. Wengi wao walikula kupita kiasi kwa majuma na miezi, tumbo limejaa hadi linauma na bado wanatamani, na baadhi walinenepa kuliko walivyokuwa kabla. Walikuwa watu wenye nidhamu kubwa. Njaa ndefu iliwaondolea uwezo wa kujua kwamba wameshiba.

Nikisoma habari zao nawafikiria watu wa pasi ndefu. Dar es Salaam hivyo ndivyo wanavyosema vijana wanaokula mara moja kwa siku ili fedha ifike mwisho wa mwezi: asubuhi hakuna, mchana hakuna, usiku saa tatu unapigwa mlo mmoja mkubwa, ugali kama mlima au chipsi za sahani mbili, na mtu analala papo hapo. Kijana wa pasi ndefu huonekana kama mtu anayefunga, naye pengine hunenepa tumbo, na watu humwita mlafi. Huyo usimwambie ajaribu saumu ya siku moja ili atengeneze ulaji wake. Anafunga kila siku, bila nia, bila daku, bila mtu wa kumwombea dua. Ulaji wake wa usiku unatoka kwenye njaa ya mchana, na tiba yake ni uji asubuhi, ndizi mbili mchana, na mshahara unaotosha. Njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya, walisema wazee, na huyu anapata zote mbili ndani ya saa 24. Hata mwenye fedha anayeruka chai na chakula cha mchana kwa sababu ya kazi, kisha akaishambulia friji saa nne usiku, yuko kundi hilo. Saumu ina mwanzo uliopangwa, mwisho uliopangwa, na chakula kilichoandaliwa pande zote mbili. Bila hivyo ni kukosa tu.

Kwa hiyo saumu fupi ninaipendekeza kwa mtu mzima mwenye afya, anayekula vya kutosha siku nyingine, na aliyepoteza njaa yake kwa wingi wa chakula. Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari asijaribu kabla ya kuonana na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mzee dhaifu, na mwenye vidonda vya tumbo wana njia nyingine. Na yupo ambaye hatajwi sana kwetu: yule anayekula kwa siri hadi anaumwa, kisha akajitapisha au akajinyima siku kadhaa kwa kujiadhibu. Kwa huyo kila saumu ni kuni juu ya moto. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye, na dini yenyewe imemwekea mgonjwa ruhusa.

Kwa wengine, mtihani wa saumu ya Alhamisi uko Ijumaa mchana. Ijumaa ndiyo siku ya biriani na pilau katika nyumba nyingi za mwambao, familia hukutana baada ya swala, na hakuna anayekula peke yake kwenye sinia. Hapo ndipo itakapoonekana kama mtu alijifunza kitu jana, kwamba njaa ina saa zake na huondoka, kwamba sahani moja hutosha, kwamba kusimama kidogo katikati ya mlo hakumpunguzii mtu heshima. Anaweza kula biriani yake kwa furaha, akaacha alipotosheka. Wengi hushindwa hapo, na wanashindwa mbele ya mama zao, shangazi zao na wenyeji wao, watu waliosimama na upawa mkononi.

Basi nawaomba wenye upawa. Mgeni akikuambia tosha, msadiki. Mtoto akisukuma sahani, usimwambie amalize kwa sababu kuna wasiopata; chukua kilichobaki mpe asiyepata. Mume au mke akisema leo atakula kidogo, usimuulize nani amemuudhi. Na Ramadhani ijayo, kaimati zipikwe, sambusa zikaangwe, lakini kwanza ziwekwe tende na maji, watu waswali, ndipo mabakuli yafunuliwe.